Nimelipia kupimwa aironi (fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma), nikaletewa "za ledis". Hili duka limenichezea!

Wakuu, habari za Jumapili. Mnisamehe, uzi utakuwa mrefu. Hili jambo nimelibeba wiki tatu na leo limenifika kooni.

Mimi ni mwanamke, urefu sentimita 178, shuleni nilicheza netiboli mlinzi wa goli. Gofu nimeanza miaka sita iliyopita, handikapu yangu 19 (mipigo ya ziada unayoruhusiwa, ikiwa ndogo ndiyo unajua). Nayataja haya yote kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Fimbo zangu za mwanzo aliniachia shemeji, za kiume, kongwe, mishikio imekwisha hadi inateleza kama kipande cha sabuni. Mwaka huu nikasema basi, nanunua aironi mpya, na sinunui kwa kukadiria. Nitapimwa kama watu.

Nikapata safari ya kikazi Nairobi. Kuna duka kule (jina siandiki, wenyewe wanajijua) wanajitangaza kwamba wanapima kwa mashine. Shilingi 8,000 za Kenya kupimwa tu, na ukinunua hazikatwi kwenye bei. Nikalipa.

Sasa niseme ukweli, kijana aliyenipima alikuwa fundi. Alianza na futi ya kawaida, kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kisha akanipa namba 7 ya majaribio, kichwa kile kile, akawa anabadilisha shafti (ule mpini mrefu wa fimbo), kila moja mipira sita. Kwenye skrini anasoma kasi ya mpira, pembe unayoondoka nayo, unavyojizungusha na pembe unayoanguka nayo. Nikimuuliza umbali ananiambia, "Achana na yadi kwanza." Nilimpenda hapo hapo.

Halafu akabandika utepe chini ya soli ya fimbo, akaweka ubao mgumu wa plastiki, nikapiga juu yake. Alama ikatoka upande wa puani, yaani ncha ya kichwa iliyo mbali na shafti (kisigino ni upande wa shafti). Maana yake, nikifika kwenye mpira, pua ya fimbo inachimba chini na kisigino kimenyanyuka, kwa hiyo uso unatazama kulia hata kama suwingi yako ni safi. Mikono yangu iko juu kwa sababu mimi ni mrefu, basi. Akachukua nyingine iliyoongezwa nusu inchi na shafti kusimamishwa wima zaidi kwa digrii 2. Alama ikahamia katikati ya soli. Nikapiga mitano mfululizo na yote ikaenda nilikokuwa natazama. Wanaocheza wanaujua ule mlio, na mikononi husikii kitu.

Akaandika kwenye karatasi: namba 7 iwe inchi 37.5, digrii 2 juu, shafti nyepesi ya chuma yenye herufi R (ugumu wa kawaida), mshikio saizi ya kawaida ya kiume kwa sababu glavu yangu ni kubwa. Nikaipiga picha ile karatasi. Shikeni hapo kwenye picha.

Seti nzima ilikuwa Ksh 165,000. Nikatoa nusu siku ile ile, nusu nyingine kabla ya mzigo kutumwa. Waliahidi wiki nne. Zilikuja wiki ya saba, kwa basi, zimefungwa plastiki kila kichwa, zinang'aa. Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Sikupima kitu. Ungepima kwa nini wakati umelipa watu wakupime?

Mateso yakaanza. Mpira kulia. Namba 9 kulia kidogo, namba 7 kulia zaidi, namba 5 siisemi. Na mgongo ukaanza kuuma, maana nilikuwa nainama kama naokota karafuu. Sasa ninyi mnajua mwanamke akiwa uwanja wa mazoezi anapiga kulia inakuwaje. Kila mwanamume anayepita ni kocha. "Dada geuza mkono wa kushoto." "Dada unainua kichwa." "Dada sogea karibu na mpira." Mmoja mwenye handikapu 28 alinishika kabisa mabega kunigeuza. Nikabadilisha mkono, nikabadilisha kisimamo, nikalipa kocha masomo manne. Kocha naye hakuangalia fimbo, akanitazama mimi tu. Kumbe kila nilichorekebisha kilikuwa kinaharibu suwingi niliyokuwa nayo ili ilingane na fimbo isiyo yangu.

Aliyegundua ni kedi, mbeba fimbo. Mzee mmoja wa siku nyingi pale uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar, wala hajawahi kuona zile skrini. Tuko shimo la sita, nimepeleka mpigo wa pili kulia kwenye miti, akaja akasimama juu ya lile shimo la nyasi nililochimba. Akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Dada, hebu tazama, huku kwenye pua limekwenda chini, huku kwenye kisigino nyasi haijaguswa. Nipe hiyo maka peni yako."

Akachora mstari mnene kwenye mpira, akauweka mstari umesimama wima, unatazama uso wa fimbo. "Piga." Nikapiga. Akageuza namba 7, na mstari umejichapa kwenye chuma kama muhuri. Haukusimama. Umelala, ncha yake ya juu imeelekea kwenye shafti. Akaniambia taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba, "Hizi ni za mtu mfupi."

Nyumbani nikachukua futi ya kushonea. Soli imekaa chini vizuri, nikapima kwa kufuata shafti hadi mwisho wa mshikio. INCHI 36. Karatasi inasema 37.5! Nikachubua plastiki iliyobaki kwenye shafti (ndiyo, sikuwahi kuitoa, nilitaka zikae mpya, nichekeni tu). Shafti si chuma, ni ya kaboni, na herufi yake ni L. Ile ya laini kabisa, wanayoipa anayepiga polepole sana. Mishikio myembamba. Hakuna hata kitu kimoja kwenye ile karatasi walichokifuata. Wamechukua seti ya kike ya kawaida kutoka kwenye sanduku, wakaituma. Yule kijana alifanya kazi yake, mwenye duka akaitupa.

Nikapiga simu. Nanukuu: "Madam, hizo ni za ledis. Ledis wote tunawapea hizo. Ni nyepesi, utazoea."

Nikamuuliza, sasa ile 8,000 mlinipima nini? Jinsia? Hiyo nilikuwa naijua bure.

Akahama. Eti kuzisimamisha haiwezekani kwa sababu vichwa ni vya kumiminwa, vitakatika. Jamani. Chuma cha kumiminwa ni kigumu kupinda kuliko cha kufuliwa kwa nyundo, hilo kweli, lakini digrii moja hadi mbili kwa mashine yake na mtu anayejua, mara nyingi inawezekana. Na kwa nini tufike kwenye kupinda? Vipimo vya urefu na pembe unaviandika kwenye oda, kiwanda kinazitengeneza hivyo toka mwanzo. PING, watengenezaji wa fimbo, wana mfumo wa nukta za rangi kwenye vichwa kwa kazi hiyo hiyo, nyeusi ni kawaida, nyingine ni zaidi au pungufu, na wako nao toka miaka ya 1970. Si teknolojia ya jana.

Kuhusu urefu ndiyo kabisa. Anasema ataniongezea kipande juu ya shafti. Nusu inchi sawa, watu wanafanya. Inchi moja na nusu juu ya shafti ya L? Uzito wa kichwa utausikia tofauti kabisa, na shafti ambayo tayari ni uji itazidi kuwa uji.

Na kuna la yadi. Skrini ilinionyesha namba 7 yadi 150. Dar sizioni kabisa. Sehemu ni hizi fimbo, lakini sehemu ni Nairobi yenyewe. Kule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali. Huku tuko usawa wa bahari. Ukitoka Dar kwenda kupimwa kule, muulize mtu wa mashine ameiweka isome kwa mwinuko gani, usije ukarudi na yadi za wenyewe.

Halafu namba za siku hizi nazo ni kiini macho. Hii namba 7 yangu uso wake umelala nyuma digrii 29 (zikipungua, mpira unaenda mbali zaidi). Zamani namba 7 ilikuwa digrii 35 au 36, yaani hii ni namba 5 iliyopigwa chapa ya 7 ili ujione una nguvu. Matokeo yake pitching wedge yangu mpya (fimbo ya mipigo mifupi) ina digrii 43 na sand wedge yangu ya zamani (ya kutolea mpira mchangani) 56. Katikati hapo digrii 13, hakuna kitu. Nikiwa na yadi 85 kutoka kwenye bendera sina fimbo, naanza kubembeleza nusu suwingi. Hawakuniambia, maana inayojaza hilo pengo inauzwa peke yake.

Ninachotaka ni kimoja. Wachukue fimbo zao, wanipe zilizoandikwa kwenye karatasi, au hela yangu. Sitaki kuzoea. Ukimpelekea fundi kitambaa na vipimo vyako akakuletea sare ya darasa la tano, huambiwi uizoee.

Kwa Wakenya humu: nianzie wapi kudai, nikiwa Dar? Risiti ninayo, picha ya karatasi ninayo, ujumbe wa WhatsApp ninao wote.

NYONGEZA 1: Mnaosema gofu ni mchezo wa mabosi niache kulia, hela niliiweka kwenye kibubu miezi kumi na minne. Na wewe unayesema "kwani wanawake wanapiga hadi iwe shida", nenda kamtazame mcheza gofu wetu Madina Iddi akipiga, ukirudi tuongee.

NYONGEZA 2: Kuna aliyeuliza kama inchi moja na nusu ni kitu cha kulilia. Mkuu, kesho vaa suruali iliyopungua inchi moja na nusu nenda nayo ofisini.

NYONGEZA 3, saa nne usiku: Mwenye duka ameusoma uzi. Ameniandikia kwamba hawarudishi hela kwa fimbo zilizokwisha kuchezewa, ila kwa heshima yangu kama mteja atanipa mfuko wa fimbo. Ametuma na picha. Wa waridi.

Nimemjibu kwa ile picha ya karatasi, bila neno. Zimetokea tiki mbili za bluu, kimya. Jumamosi kuna mashindano ya mwezi, nimeshampelekea fundi aironi za shemeji abadilishe mishikio.