Majaji watolewe kwenye kambi za ujasiriamali za wanafunzi?

MLETA MADA

Wakuu, hoja yangu ni moja na naiweka mezani bila kuizungusha: kambi za ujasiriamali za wanafunzi zifute fainali ya mbele ya majaji. Mfano wa hundi, makofi, picha ya pamoja, vyote viondoke.

Siongei kwa kusikia. Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliingia kambi ya siku tano na timu yetu ya watu wanne ikashika nafasi ya kwanza. Wazo letu lilikuwa programu ya simu ya kuwakutanisha wanafunzi wanaouza na wanaonunua vitabu vilivyotumika. Siku ya kwanza tulijazishwa ule ukurasa wa visanduku 9 wa Alexander Osterwalder: mteja ni nani, unampa nini, unamfikia vipi, pesa zinaingilia wapi na zinatokea wapi. Siku ya pili slaidi. Ya tatu slaidi. Ya nne tulifundishwa kusimama, kupumua na kumtazama jaji usoni. Ya tano tukashinda.

Siku zote hizo hatukuongea na mwanafunzi hata mmoja mwenye kitabu cha kuuza, na walikuwa wamejaa nje ya ukumbi. Tulipokuja kuwauliza, ushindi ukiwa tayari mkononi, wakatuambia kitu ambacho tungekijua kwa nusu saa: vitabu wanarithishana bure, na asiyerithi anatoa kopi. Timu ilisambaratika hata miezi miwili haijaisha.

Hatukuwa wavivu. Tulifanya kile kilichokuwa na alama. Fomu ya majaji ilikuwa na ubunifu, ukubwa wa soko, uwasilishaji na uimara wa timu. Hapakuwa na mstari unaouliza nani amelipa, wala nani amegoma kulipa na kwa sababu gani.

Na njia nyingine ipo, imeshajaribiwa. Mwaka 2011 Steve Blank, mwalimu wa ujasiriamali, alianzisha somo la Lean LaunchPad pale Stanford. Timu inatoka nje kila wiki, inahoji watu, inarudi kueleza ni dhana gani imeanguka. Mwaka huohuo taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sayansi ikalichukua kwa ajili ya watafiti wake kupitia mpango wa I-Corps, na timu zikapewa lengo la mahojiano 100 ndani ya wiki 7. Mia moja! Sisi tulifanya sifuri na tukapewa hundi.

Karibuni mnipinge.

MHADHIRI

Nakupinga, ila si kwa yote.

Kwanza unaibebesha kambi mzigo ambao si wake. Startup Weekend, kambi ya wikendi ya kuanzisha biashara, ilipoanza Boulder, Colorado, Marekani, mwaka 2007, ilikuwa saa 54, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Nani anategemea kampuni izaliwe kwa saa 54? Kinachozaliwa ni watu kufahamiana. Mwanafunzi wa uhasibu anakaa meza moja na wa uhandisi, kwa mara ya kwanza tangu waanze chuo. Wewe mwenyewe umetusimulia habari za vitabu, hukutueleza wale watatu wako wapi leo.

Pili, na hapa ndipo penye ugomvi wetu hasa, unapimaje kama kambi imefaulu? Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, wa Oosterbeek, van Praag na Ijsselstein. Waliwafuatilia wanafunzi wa chuo waliopitia programu ya kuendesha kampuni ndogo ya darasani. Stadi za ujasiriamali hazikuonekana kupanda, na hamu ya kuwa mjasiriamali ikashuka. Ukiishia hapo utasema pesa zimepotea. Ila watafiti wenyewe walitaja kwamba huenda wanafunzi walianza kuuona ujasiriamali jinsi ulivyo. Mwaka huohuo von Graevenitz, Harhoff na Weber wakatoa matokeo ya somo la lazima la kuandika mpango wa biashara huko Munich. Huko nako nia ya kuanzisha biashara ilipungua kidogo, lakini wanafunzi walitoka wakijijua zaidi kama kazi hiyo inawafaa au la.

Kwangu mimi hilo ni faida. Kijana aliyegundua kwa wiki moja kwamba hawezi kuishi na mapato yasiyotabirika ameokoa miaka mitatu na akiba ya wazazi wake. Hakuna anayempiga picha huyo.

Majaji nao wana kazi. Bila tarehe ya mwisho na mtu wa kuonewa aibu, wanafunzi hawamalizi kitu. Nimefundisha muda mrefu, naomba hilo msinibishie.

NILIYEWAHI KUWA JAJI

Naungama. Timu moja dakika tano za kueleza, dakika tatu za maswali, na timu ziko 14. Kufika ya tisa nilikuwa namsikia msemaji tu, wazo silisikii tena. Tulimpa ushindi aliyeongea vizuri. Mleta mada, samahani kwa niaba ya wenzangu.

MWANAFUNZI WA UHANDISI

Nyote mnaongelea majaji, mimi naogopa wale waliokaa nyuma yao.

Kwenye kambi niliyohudhuria, fomu ya usajili ilikuwa na kifungu kinachoruhusu waandaaji kutumia "mawazo na nyenzo zote zitakazowasilishwa". Wengi tulisaini bila kusoma, tulikuwa tunafikiria malazi. Sasa, wazo tupu halina mwenyewe kisheria. Hakimiliki inalinda namna ulivyolieleza, yaani maandishi, michoro, programu uliyoandika. Hilo nalikubali. Tatizo liko kwa wenye uvumbuzi wa kiufundi. Hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hutolewa kwa kitu ambacho hakijawekwa hadharani. Marekani ukishakitangaza una mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi. Kwa Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa kawaida ukikieleza hadharani kabla ya ombi umekwisha. Jukwaa lenye ukumbi uliojaa na kamera inayorusha moja kwa moja ni hadharani kuliko hadharani yenyewe. Tulikuwa na mwenzetu mwenye kifaa cha kupima unyevu wa nafaka ambaye alifungua hadi ndani, kila mtu akaona, kwa sababu jaji aliuliza "kinafanyaje kazi?" Angekataa kujibu angekosa alama.

Kwa hiyo naunga mkono fainali ifutwe, lakini kwa sababu tofauti na yako, kaka.

Halafu mahojiano 100 na mitihani inakaribia? Tuoneeni huruma.

MPITA NJIA

Kambi zote ni kupoteza muda. Azoulay na wenzake walichambua waanzilishi wa kampuni za Marekani, utafiti ukatoka mwaka 2020: kwa wastani mtu alikuwa na miaka kama 42 alipoanzisha. Kwa zile zilizokua kwa kasi kuliko zote, 45. Wacheni watoto wasome, wakaajiriwe kwanza.

MLETA MADA

Mpita njia, takwimu yako ni sahihi, ulichokitoa ndani yake sicho. Huyo wa miaka 45 amefika pale akiwa na uzoefu, na uzoefu una siku ya kuanza. Uganda kuna mafunzo ya STEP kwa wanafunzi, wiki 12, ambapo kikundi kinapewa mtaji mdogo na kuendesha biashara halisi wakati mafunzo yanaendelea. Gielnik na wenzake waliwafuatilia washiriki kwa miezi 12, na waliopitia mafunzo walianzisha biashara zaidi ya wale wasiopitia. Walikuwa wanafunzi, si watu wa miaka 42. Na pesa ilikuwa ikitoka kwa mnunuzi.

Mhadhiri, shikamoo. Hoja yako kwamba kambi ni chujio, inamwonyesha asiyefaa mapema, umenipiga nayo, nakiri. Lakini chujio letu lilichuja nini? Mimi nilitoka kambini nikiamini kwamba nina kipaji. Wale wa Uholanzi walishusha hamu kwa sababu waliendesha kitu mwaka mzima wa masomo, wakaonja. Sisi tulioonjeshwa makofi tulitoka na hamu imepanda, na ukweli ulitukuta peke yetu, mhadhiri wala mshauri hayupo karibu. Chujio lililotobolewa na zawadi halichuji. Na wale watatu: mmoja tunaongea hadi leo. Wawili tuligombana juu ya mgawanyo wa ile hundi.

Mhandisi, hili la hataza sikuwa nimelifikiria kabisa. Linanifanya nirekebishe hoja. Siku ya mwisho ibaki, kwa sababu Mhadhiri amesema kweli kuhusu tarehe na aibu. Ila wanaokaa mbele wawe watu waliohojiwa na timu, kumi hivi, na kazi yao ni kujibu swali moja: ungelipia au usingelipia, na kwa nini? Anayetaka kueleza kifaa kinafanyaje kazi aelezee faragha kwa mshauri aliyesaini usiri. Mahojiano yawe 20, si 100. Na cheti apewe pia anayesimama kusema wazo letu limekufa Jumatano saa nne asubuhi, hawa hapa waliotuambia.

MHADHIRI

Marahaba. Wafadhili wetu watauliza mshindi ni nani, maana ndiye wanayemweka kwenye ripoti yao, na bila wao hakuna chakula wala ukumbi. Hilo hamjalijibu, nalo ndilo linalotufunga mikono kila mwaka.

Lakini nitumie hiyo fomu ya swali moja. Kambi yetu ni muhula ujao, nitaijaribu kwa nusu ya timu. Nusu nyingine nabaki na majaji wangu.

NILIYEWAHI KUWA JAJI

Mimi naomba niwekwe ile nusu isiyo na majaji.