Nafasi za PhD zenye mshahara: tafuta kwenye matangazo ya kazi

Kutoka: Stuttgart

Wakubwa shikamooni, wengine habari za huko. Namaliza masta ya uhandisi wa nishati mwezi wa tisa. Huu ni mwaka wangu wa pili Ujerumani. Nataka kuendelea na PhD, ila kila nikitafuta skolashipu nakutana na zilezile za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambazo dirisha limeshafungwa. Sina wa kunilipia. Nianzie wapi?

Kutoka: Göteborg

Marahaba mdogo wangu. Hizo skolashipu ziweke pembeni kwanza. Uswidi, Norwe, Denmark na Uholanzi, anayefanya PhD ya sayansi au uhandisi kwa kawaida ni mwajiriwa: ana mkataba, mshahara, likizo na pensheni, na nafasi hutangazwa kama kazi nyingine. Fungua tovuti za matangazo: EURAXESS kwa Ulaya nzima, AcademicTransfer kwa Uholanzi, Jobbnorge kwa Norwe. Kwa Uswidi ingia kurasa za ajira za vyuo vyenyewe: Chalmers, KTH, Lund. Masta huku inatutoza ada sisi tusio wa Umoja wa Ulaya, lakini PhD haina ada kwa yeyote. Ni miaka minne, na ukipewa vipindi vya kufundisha hufika mitano.

Hapo Ujerumani tafuta matangazo yenye TV-L E13, yaani ngazi ya mshahara ya watafiti wa vyuo vya umma, na usome asilimia ya saa za kazi unazolipwa. Ya 65 na ya 100 zote huitwa E13. Tofauti utaiona mwisho wa mwezi. Kwenye uhandisi asilimia 100 si ajabu.

Sasa sikiliza hili, maana linawaponyoka wengi tulioko huku tayari. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, inalipa vizuri, ila ukiwa umeishi au kusoma katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa, hawakuchukui. Kwa Ujerumani basi umeshajifungia mlango. Lakini mtandao mmoja huwa na nafasi nchi kadhaa, kwa hiyo lenga ya Delft, Uholanzi, au ya Denmark. Mwenzako aliyeko Dodoma au Kisumu anaweza kuomba hata hiyo ya Ujerumani.

Kutoka: Ohio

Naongezea ya Marekani, maana watu huiogopa bure. Huku programu nyingi za uhandisi humpokea hata mwenye digrii ya kwanza tu. Ukipata kazi ya usaidizi wa kufundisha au wa utafiti, chuo kinakusamehe ada na kukulipa posho ya kila mwezi. Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari. Kuna ada ya kuomba. Andikia idara mapema uombe msamaha wa hiyo ada, vyuo vingi vina utaratibu huo.

Kutoka: Stuttgart

Asanteni sana. Je, nimwandikie profesa kabla ya kuomba?

Kutoka: Göteborg

Tangazo likiwa na jina la wa kuulizwa, mwandikie swali la kweli kuhusu mradi wenyewe. Baruapepe ya “Dear Professor” iliyotumwa kwa watu hamsini hutambulika mstari wa kwanza, na wanaifuta. Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja: ulipima nini kwenye tasnifu, kwa mitambo au programu gani, na kinagusana vipi na kazi yao. Watakaokuandikia barua za mapendekezo waambie leo, si wiki ya mwisho.