Naomba ushauri: sauti imekauka, wiki ya tatu sasa

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa lina watoto zaidi ya 90, kwa hiyo kufundisha kwangu ni kupaza sauti. Wiki tatu zilizopita nilishikwa na mafua. Yakaisha, yakaondoka na sauti yangu. Asubuhi inakwaruza kama redio iliyoisha betri, jioni haitoki kabisa.

Duka la dawa walinipa amoksilini, nikamaliza dozi, hakuna kitu. Baadaye jirani yangu nesi akaniambia sauti kukauka hivi mara nyingi ni nyuzi za sauti kuvimba kwa sababu ya virusi, antibayotiki haisaidii. Nipumzishe sauti na ninywe maji mengi. Akanikataza hata kunong'ona, eti nako kunachosha nyuzi za sauti. Hilo sikulijua! Tangawizi na asali zinatuliza tu.

Napumua vizuri, nameza bila shida, sijakohoa damu. Lakini anasisitiza kwamba wiki tatu zikipita nikamwone daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya rufaa ni mbali, na nauli ni pesa. Mliopitia hili, mlichunguzwa kooni kwa kamera? Inauma? Na darasani mlifundishaje?