Marekani ni demokrasia au ni jamhuri? Na sisi je?

Mzee wa Drafti:
Wakuu, habari za jioni. Binamu yangu yuko Texas, mwaka wa tisa sasa. Juzi kwenye kundi la ukoo tulikuwa tunamtania kuhusu chaguzi za huko, kwamba mtu anaongoza kwa kura halafu anashindwa. Akatuma sauti ya dakika nne, kawaka kweli: "Msiiite Marekani demokrasia! Marekani ni jamhuri!" Nikaipeleka ile sauti kijiweni kwetu hapa Tabora, tukaisikiliza mara mbili mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyeambulia kitu. Sisi tulidhani hayo maneno mawili ni mume na mke. Wajuzi naomba msaada, tofauti ni nini? Na sisi tulioliweka neno Jamhuri kwenye jina la nchi tuko upande gani?

Asali Mbichi:
Binamu yako hajakosea, ila kameza nusu. Mwaka 1787, walipokuwa wanaipigania katiba yao ipitishwe, James Madison, mmoja wa walioiandika, alisema kwamba demokrasia tupu ni ya raia wachache wanaokusanyika na kujiamulia wenyewe, na jamhuri ni pale raia wanapochagua watu wa kuwaamulia. Alichoogopa ni wengi kuwaonea wachache. Katiba yao nzima neno demokrasia hulikuti, ila Ibara ya 4 inayahakikishia majimbo serikali ya kijamhuri. Rais anachaguliwa na wajumbe 538, ukifikisha 270 umemaliza. Gore 2000 na Hillary 2016 waliongoza kwa kura za wananchi, Hillary kwa karibu milioni tatu, na wote wakarudi nyumbani. Hata maseneta walikuwa wanateuliwa na mabunge ya majimbo hadi 1913. Hili ni somo la Uraia, wakuu, si la kwenye kahawa.

Kocha Mstaafu:
"Si la kwenye kahawa." Kijana, hiyo kahawa unayoidharau inanywewa na watu waliopiga kura kabla baba yako hajaota ndevu. Madison wa 1787 unamjua. Mjumbe wako wa nyumba kumi je, unamjua jina?

Asali Mbichi:
Mjumbe wa nyumba kumi ni wa chama, mzee wangu, si wa serikali. Ndiyo maana nikasema Uraia.

Kocha Mstaafu:
Kumbe hulijui.

Mgebuka Mkavu:
Huku Kigoma hatuzungushi maneno. Jamhuri ni nchi isiyo na mfalme, basi. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, lakini mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth, na Turnbull akawa gavana jenerali wake. Jamhuri tumeipata 9 Desemba 1962. Huo mwaka katikati bunge lilikuwepo, waziri mkuu alikuwepo, kura zilishapigwa. Uingereza wako hivyo mpaka kesho, wana mfalme na wanachagua. Jamhuri inakwambia nani hayupo kwenye kiti, demokrasia inakwambia aliyepo kakifikiaje. Nikisimama hapa Kibirizi asubuhi kukiwa kweupe naiona milima ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majina wanayo yote mawili, na wanaovuka ziwa kuja kwetu na mabegi kichwani hawajawahi kutuambia lipi limewasaidia.

Halafu nyie wa Tabora msijifanye walimu wa siasa. Tangu 1958 mnaishi kwa sifa ya mkutano mmoja. Mkutano na maembe.

Kipanga:
Nilitaka kuuliza kuhusu Ibara ya 41(7) ya katiba yetu, kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Kama jamhuri maana yake ni sheria kuwa juu ya watu wote, wengi kwa wachache, basi...

Dogo wa Ng'ambo:
Kipanga subiri kidogo. MKUTANO MMOJA? Wewe Mgebuka unajua unachokisema? Januari 1958 TANU walikaa hapa Tabora, si Kigoma. Mkoloni alileta kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ukiacha mmoja kura yako imekufa. Wajumbe wengi walikuja wamevimba, wanataka kususa. Mwalimu akasimama akawabadilisha mioyo, wakaingia kwenye uchaguzi, wakaufagia. Huo uhuru wa 1961 unaoutaja kwa mbwembwe ulipikwa hapa. Nyie mlikuwa mnaanika dagaa.

Mgebuka Mkavu:
Dagaa mnaokula nyie. Kwa mkopo.

Dogo wa Ng'ambo:
Kwa bei ya kukomoa.

Kocha Mstaafu:
Dogo kaeleza vizuri. Ila anayejiita Asali aliyesoma Uraia hakuwa na habari ya kura tatu, katoka mbio kwa Madison. Nyumba ya jirani anaijua vyumba vyote, ya kwao anaulizia choo.

Asali Mbichi:
Mzee, swali lilikuwa Marekani! Ila haya, tuwe Tabora. Wengi waliingia ukumbini wanataka kususa, wakatoka wameshiriki. Ilikuwa demokrasia au ilikuwa mtu mmoja mwenye ulimi mtamu? Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka TANU akaanzisha chama chake, na 1962 akasimama dhidi ya Mwalimu kugombea urais. Akaanguka vibaya. Je, alikuwa amekosea, au alikuwa mchache tu?

Dogo wa Ng'ambo:
Kura zilipigwa, hoja ya Mwalimu ikashinda. Kushawishiwa si kuonewa. Mchumba wako alivyokukubali ulimpeleka mahakamani?

Asali Mbichi:
Hajanikubali bado. Na Nyalali je? Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima, karibu asilimia 80 ya waliohojiwa wakasema tubaki na chama kimoja. Mwaka 1992 tukaingia vyama vingi. Walioshinda ni wale 20. Kama hesabu ya mikono ndiyo demokrasia, basi vyama vingi tumeviingia kwa kuvunja demokrasia. Na mimi naona ilikuwa sawa kabisa.

Mgebuka Mkavu:
Hapo ndipo wasomi wanapotutoka. Wengi wakisema unachokipenda ni sauti ya umma. Wakisema usichokipenda, unakimbilia jamhuri. Binamu wa Texas anafanya hivyo hivyo. Angekuwa upande wa Hillary ile 2016, asubuhi yake angeamka mwanademokrasia. Huko kila chama kinavutia jina lake, hawa Republican, hawa Democratic.

Mtu wa Reli:
Rais Benjamin Franklin alishamaliza huu ubishi. Aliulizwa mmetuletea nini, akasema jamhuri, kama mtaweza kuitunza.

Kipanga:
Franklin hakuwahi kuwa rais. Na swali langu la 41(7) bado liko pale juu.

Mtu wa Reli:
Kwenye noti yupo.

Kipanga:
Kuwepo kwenye noti si kuwa rais! Twiga yupo kwenye noti?

Mtu wa Reli:
Faru yupo.

Sharifu wa Ujiji:
Assalaam alaykum. Naona mnamfuata Mmarekani kwenye maana ya neno asilolijua. Jamhuri si neno lake, kwake ni lingine. Hili la kwetu limetoka kwenye Kiarabu, jumhuri, na maana yake ni watu wengi, umma. Waliokaa madrasa wanajua, ustadhi akisema "jumhuri ya wanazuoni wanaona hivi" anakusudia wengi wao, na wachache wanabaki na kauli yao, nayo inaandikwa kitabuni. Sasa mtu anaposema kwa Kiswahili "sisi si demokrasia, sisi ni jamhuri" anasema "sisi si wengi, sisi ni wengi". Kwa Kiingereza wanaweza kugombana miaka mia. Kwa lugha yetu ugomvi haujengeki.

Asali Mbichi:
Sharifu, hii ni nzuri mno. Lakini asili ya neno si katiba. Neno "waziri" lina asili ya kubeba mzigo, na unawaona wanavyobebwa.

Sharifu wa Ujiji:
Hilo nakuachia.

Bi Mkubwa wa Isevya:
Wanangu, nimesoma yote na miwani. Madison simjui ila nina kesi, mnisaidie. Kikoba chetu tuko akina mama 27. Sanduku la bati, makufuli matatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Katiba yetu inasema kuvunja ni Desemba. Mwezi wa tisa tuko kwenye matanga ya mwenzetu, mmoja akasema mbolea imepanda na mvua ziko njiani, tuvunje sasa kila mtu achukue chake. Mikono ikanyooshwa hapo hapo mkekani, 19. Mimi ni mshika ufunguo mmoja. Nikaamka, nikajifunga khanga yangu, nikaondoka na ufunguo. Usiku walikuja watatu kugonga, nikazima taa. Mpaka leo sanduku halijafunguka na nusu ya mtaa hawanisalimii. Mimi ni demokrasia au jamhuri?

Asali Mbichi:
Mama, wewe ndiye jibu la uzi huu! Makufuli matatu ndiyo jamhuri yenyewe. Wengi wana haki ya kuamua, ila si kwa hasira ya jioni moja.

Mgebuka Mkavu:
Jamhuri gani? Watu 19 wanataka hela ZAO, mtu mmoja kazima taa. Huyo ni malkia. Tulimwondoa 1962.

Dogo wa Ng'ambo:
Leo nakubaliana na Kigoma, na inaniuma. Mbolea haisubiri Desemba, mama. Mahindi hayasomi katiba.

Kocha Mstaafu:
Dogo, mheshimu mama. Kama makufuli yangekuwa mawili tu mngeshakula mpaka sanduku.

Kipanga:
Theluthi mbili ya 27 ni 18. Waliotaka ni 19. Katiba nyingi zinabadilishwa kwa theluthi mbili. Ya kwenu inasemaje, mama?

Bi Mkubwa wa Isevya:
Inasema theluthi mbili, ni kweli. Lakini pia inasema taarifa itolewe siku 14 kabla, na iwe kwenye kikao. Matanga si kikao.

Dogo wa Ng'ambo:
Watu wote 27 walikuwepo?

Bi Mkubwa wa Isevya:
Wote. Alikuwa mwenzetu, nani angekosa.

Dogo wa Ng'ambo:
Basi kikao kilitimia kuliko vikao vyenu vyote!

Mzee wa Drafti:
Wakuu, binamu ametuma sauti nyingine. Dakika saba hii. Nimjibu nini?

Mgebuka Mkavu:
Mwulize ana funguo ngapi.

Jembe Halimtupi:
Shikamoo mama Mkubwa. Nimekujua kwenye ile khanga. Mimi ni mmoja wa wale 19, na nilikuja kugonga usiku ule. Wewe ulizima taa lakini redio ukaisahau, tulikuwa tunaisikia taarabu mpaka tunaondoka. Hapa umewasimulia watu vizuri, ila hujawaambia una mkopo kwenye hilo sanduku tangu mwezi wa saba. Tukivunja leo, unakatwa kwenye hisa zako. Tukivunja Desemba, utakuwa umeshauza karanga.

Mgebuka Mkavu:
Eheeee.

Bi Mkubwa wa Isevya:
Marahaba. Mkopo ninao na riba nalipa kila wiki, daftari linaonyesha. Nani kati yetu hana mkopo? Wewe mwenyewe uliyeleta habari ya mbolea, shamba lako ekari ngapi? Wenye ekari nyingi ndio walionyoosha mikono miwili miwili. Ukinitoa mimi, akina mama saba ambao hawakunyoosha hawana shamba, wanategemea Desemba kwa sare za watoto wa kidato cha kwanza. Nikifungua mwezi wa tisa hela yao italiwa Oktoba.

Asali Mbichi:
Hao saba ndio Madison alikuwa anawasema.

Kocha Mstaafu:
Muache Madison apumzike.

Jembe Halimtupi:
Hela yao wangepewa mkononi, wangeitunza. Wewe ni mama yao? Nao ni watu wazima. Na hizo siku 14 umezitoa wapi? Mimi nakumbuka ni siku saba. Tena hakuna mahali palipoandikwa kikao kiwe wapi.

Bi Mkubwa wa Isevya:
Ni 14. Niliandika mimi kwa mkono wangu.

Kipanga:
Ugomvi mwepesi huu. Pigeni picha ukurasa huo mtuwekee hapa.

Dogo wa Ng'ambo:
Naam! Leteni katiba. Iko kwa nani?

Jembe Halimtupi:
Imo sandukuni. Na madaftari.

Mtu wa Reli:
😂😂😂

Jembe Halimtupi:
Mama, kesho saa kumi. Mimi nina ufunguo wa pili, wa tatu nitamwambia mwenyewe aje nao. Njoo na wako tuisome tu hiyo katiba.

Bi Mkubwa wa Isevya:
Nikija na ufunguo si mtavunja?