Naomba ushauri: tuwapeleke wapi wafanyakazi wetu kwa mafunzo ya TEHAMA?

Habari za leo wadau, na wakubwa zangu shikamooni.

Nipo kwenye SACCOS hapa Dodoma. Wahasibu na watu wa kaunta wanahitaji Excel ya kazi kweli, na kijana wetu wa TEHAMA anataka mitandao ya kompyuta, ngazi ya CCNA (cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco). Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hatuwezi kuendelea kurushiana taarifa za wanachama WhatsApp.

Tumeomba bei sehemu kadhaa. Mtoa mafunzo mmoja alikuja kutuonyesha somo la majaribio: slaidi asubuhi nzima, hakuna aliyegusa kibodi, halafu vyeti vikagawiwa hadi kwa aliyekuwa anasinzia! Kozi za bure za Cisco mtandaoni nazo tumezijaribu, ila Kiingereza kinawakwamisha wengi. Bosi anataka mkufunzi aje ofisini, maana kaunta haifungwi.

Sasa, mkufunzi mnampimaje kabla hamjalipa? Na je, kuna aliyewahi kukubaliana nusu ya malipo ibaki mpaka wafanyakazi wafaulu mtihani wa nje, kama ICDL (cheti cha kimataifa cha matumizi ya kompyuta)?

Natanguliza shukrani.