Naomba ushauri: maji ya moto yanapoa kabla ya kufika kwenye brashi

Habari wakuu. Kazi ni kusafisha madirisha ya ghorofa huku Uingereza kwa fito ndefu zenye brashi inayotoa maji yaliyoondolewa madini. Hita ya dizeli ya kilowati 5 imefungwa kwenye gari, baada ya mtungi wa resini (chembe zinazoondoa madini kwenye maji), maana joto huharibu resini.

Kwa lita 2 kwa dakika, hita hiyo hupandisha maji kama nyuzi 35 tu: yakiingia na 8, yanatoka na 43 hivi. Shida ni mpira wa maji wa mita 100 uliolala kwenye lami yenye baridi. Kwenye brashi napima 27. Nikipunguza kasi ya pampu yanatoka na joto zaidi, lakini yanakaa muda mrefu mpirani na kupoa vilevile.

Je, nivishe mpira sponji ya mabomba, ingawa utakuwa mzito kuburuta, au ninunue hita ya kilowati 9? Nahofia pia vioo vya zamani vya tabaka moja: asubuhi ya barafu, maji ya nyuzi 50 yanaweza kuvipasua. Mnaweka thermostati nyuzi ngapi?