Silinda ya dati baiki ikichubuka: itengenezwe au inunuliwe mpya?

Wakuu salama. Hii mada imenikera muda mrefu sasa naileta tuijadili. Kwa nini pikipiki ikishajam tu, yaani pistoni imegandia ndani ya silinda, fundi anafungua, anachungulia mikwaruzo, jibu ni moja "nunua silinda nyingine"? Hajapima kitu, maikromita (kipimo cha vitu vidogo sana) hana, kaangalia kwa macho basi hukumu imetoka. Mimi nasema huo sio ufundi, na silinda nyingi zinazotupwa zilikuwa zinapona kabisa.

Silinda za hizi za motokrosi za kisasa nyingi ni alumini, ndani zimepakwa Nikasil, yaani nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, kitu ambacho Mahle walikitoa mwaka 1967 kwa ajili ya injini za Wankel, zile ambazo badala ya pistoni zina rota inayozunguka. Utando wenyewe ni mwembamba, kwa kawaida haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita, ila kwa ugumu pistoni haioni ndani. Kwa hiyo injini ikijam anayeumia kwanza ni pistoni, alumini yake inajipaka ukutani, na ile michirizi ya kung'aa unayoiona ukadhani silinda imeliwa kumbe ni pistoni imegandia juu yake. Unapitisha asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo kwa pamba kwenye kijiti (glavu, miwani, na ufanyie nje kwenye hewa), inatoa povu inakula alumini, ikifika kwenye nikeli povu linakata. Povu lisipokata acha hapohapo, osha kwa maji mengi, utando umeshatoboka, hiyo ni ya kupakwa upya. Ikiwa safi ndio unapima juu, katikati na chini, uone kama bado ni duara.

Jibu la kwanza:
Mkuu kwenye asidi nakubali, lakini mimi nakimbia mashindano. Silinda iliyopakwa upya na mtu asiyejua kazi utando unabanduka, vipande vinakula ringi za pistoni, vikishuka vinaingia kwenye beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), hapo unapoteza injini nzima kwa kuokoa silinda moja. Mpya inakuja na vipimo vyake, nafunga nalala usingizi.

Jibu la pili:
Si mpige slivu ya chuma tu jamani, lile bomba linaloingizwa ndani ya silinda? Pikipiki za zamani zilikuwa hivyo, ikiisha unaichonga iwe pana zaidi na kuweka pistoni kubwa zaidi (ovasaizi), milimita 0.25, 0.50 mpaka 1.00, maisha yanaendelea.

Mtoa mada:
Ndugu wa slivu, kwa mtu anayeendesha taratibu sina ugomvi na wewe. Ila chuma hakipitishi joto kama alumini na hakitanuki sawa nayo, kwa hiyo nafasi ya pistoni lazima ipangwe upya, na kama ni tustroki (injini ya mipigo miwili) yale matundu ya pembeni ya kupitishia hewa na moshi yasipokaa sawasawa na kingo zake zikiachwa kali ringi inanasa siku ya kwanza tu. Na tafadhali msichonge silinda ya Nikasil kama ya chuma. Yangu fundi aliisugua kwa mawe ya kawaida akamaliza utando wote, nikaambiwa eti imekufa kwa uzee.

Wa mashindano, kwenye kubanduka una haki, mpakaji mbovu ni hatari kuliko silinda iliyochubuka. Na iliyopasuka pale inapokaa gasketi, au kipande kimemeguka kwenye tundu, hata mimi siishughulikii. Ila hilo la kulala usingizi ndilo nalikataa, maana baada ya ile kufa nami nilinunua mpya, nikafunga na pistoni mpya, ikajam tena palepale! Kumbe oili sili ya krenki ilikuwa inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa na petroli chache, pistoni inachemka. Hakuna aliyeuliza ya kwanza ilijam kwa nini. Ingeweza kuwa jeti ndogo (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta), chujio la hewa linalopitisha vumbi, kupoza kumevuja, au tu mtu kaiwasha ya baridi akaivuta gesi yote hapohapo. Tungeipima uvujaji kwa presha kabla ya kufunga, ile silinda mpya ingekuwa hai mpaka leo. Sasa nauliza, hiyo mpya yako kabla hujaifunga, sili ulizipima?